Samaki Wetu wa Tangini na Pipa la Moshi

Mwulize yeyote aliyekulia Kiwanjani, Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, atakwambia kwamba mfereji wetu ulikohoa kabla ya kutoa maji. Ulikohoa mara mbili tatu, ukatema hewa, ukatema matope mekundu, ndipo maji yakaja. Kufikia wakati huo kila mtoto wa mtaa alikuwa ameshaacha mchezo na kukimbilia ndoo. Tulicheza kati kwa mpira wa soksi, tukaruka kamba ya blada mpaka magoti yakapauka kwa vumbi, lakini sikio moja lilibaki kwenye mfereji. Watoto wa siku hizi nao wana sikio moja lililo macho, ila lao liko kwenye simu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba simu ikilia, hakuna pipa linalojaa.

Asubuhi zetu zilianza kwa anjera iliyopakwa samli na kunyunyiziwa sukari, pamoja na chai ya maziwa ya ngamia. Chai ile ilikuwa na ladha ya moshi. Kwa asiyeijua, nieleze taratibu. Bibi zetu hawakusafisha chombo cha maziwa kwa sabuni. Walichukua kijiti cha mzeituni wa porini, ule ambao majirani zetu Waborana huuita ejersa, wakakichoma mpaka ncha ikawa kaa jekundu, wakakiingiza ndani ya chombo, wakafunika na kukitikisa. Moshi uliua harufu mbaya, na maziwa yakakaa siku mbili kwenye joto la Isiolo bila kuharibika. Sabuni ilikuwa ya nguo na ya miguu ya watoto. Ukimletea nyanya yangu chombo kilichooshwa kwa sabuni peke yake, alikinusa, akakisukuma kando na kusema, "Hii haijaoshwa."

Nyanya huyo tulimwita Ayeyo, kama Wasomali wote wanavyomwita bibi. Baba yake alikuwa askari wa Mwingereza, mmoja wa wale waliopewa mahali pa kukaa Isiolo baada ya vita, akaachia ukoo wetu jozi ya viatu vizito na tabia ya kuamka mapema. Mwana wa Ayeyo, yaani baba yangu, alikuwa dereva wa lori la mizigo. Alipeleka unga na sukari Garbatulla na kwingine mbali zaidi, akarudi na ngozi na vumbi. Ayeyo mwenyewe alikulia nyuma ya mbuzi. Hata alipozeeka ndani ya mji, aliweka mbuzi wanane uani, na alijua tumbo la kila mmoja kuliko alivyojua majina ya wajukuu wake.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na tangi la saruji, refu kumzidi mtu mzima, lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye mabati na kuongezewa ya mfereji siku mfereji ulipokuwa na huruma. Juu lilikuwa na tundu la mraba lenye mfuniko wa bati. Mfuniko wenyewe ulikuwa umepinda, haukufunika sawasawa, na hapo ndipo matatizo yalipoingilia.

Mdogo wangu Nuria alipokuwa na miaka miwili hivi, alishikwa na malaria wakati wa mvua. Nilimwona akikakamaa mikononi mwa Mama, macho yamegeuka meupe. Walimkimbiza zahanati, akapona, lakini nyumba yetu haikupona haraka. Kwa wiki nyingi Mama aliamka kila mara kugusa paji la uso wake. Mhudumu mmoja wa zahanati alikuja nyumbani, akapanda ngazi, akachungulia tundu la tangi, akachota maji kwa glasi na kutuonyesha. Ndani ya glasi vidudu vyembamba vilikuwa vikijipindapinda. "Hawa ndio mbu wenu," alisema. "Mnawafuga wenyewe." Kisha akamwambia Baba kwamba samaki wadogo huwala.

Safari iliyofuata Baba alipitia upande wa Meru, kwa mtu mmoja mwenye bwawa, akarudi na jerikeni iliyokatwa juu na kufunikwa kitambaa. Mlikuwa na samaki wadogo, wengi wa urefu wa kidole cha mtoto, rangi ya majivu, wenye macho makubwa ya mshangao. Baba alikuwa ameendesha polepole njia nzima, huku turnboi wake, yaani utingo, ameipakata jerikeni kama mtoto mchanga. Samaki wakamiminwa tangini. Baada ya wiki mbili tulichota maji kwa glasi ile ile. Hakukuwa na kitu kinachojipinda.

Lazima mwelewe jambo hili lilivyokuwa la ajabu kwetu. Watu wetu wa mifugo hawakula samaki. Wengi walimwona ni jamaa ya nyoka aliyekimbilia majini. Wageni wa Ayeyo kutoka Garbatulla walipopata habari, mzee mmoja aliweka kikombe chini.

"Sasa hii chai ni ya maji ya nyoka?"

"Kunywa," Ayeyo alimjibu. "Hiyo nyoka imechemshwa."

Jirani yetu Mama Atieno, ambaye watu wake ni wa Kisumu na mumewe alikuwa fundi serikalini, alicheka mpaka akashika ua. Alituambia, "Wakifika ukubwa wa kiganja mniite. Nitaleta nyanya na kitunguu." Tangu siku hiyo Ayeyo alimtilia shaka. Kila Mama Atieno alipokuja kuazima chumvi, Ayeyo alikaa kwenye kigoda kati yake na tangi.

Maana Ayeyo alikuwa amewapokea samaki wale kama kundi la mifugo. Alimpa mkubwa wao jina la Kiongozi, kwa kuwa kila kundi lazima liwe na anayetangulia. Jioni alinituma nipande ngazi na kumletea ripoti: wamelala? wanapigana? yuko aliyekonda? Mimi nilikuwa na miaka kumi, kifungua mimba wa nyumba, na nilimjibu kwa uzito wa mchungaji. Mvua za mwaka huo zilikuja, zikapita, na Nuria hakuugua. Huenda ni samaki, huenda ni chandarua alichonunua Baba. Mama hakutaka kutenganisha. Yeye aliwashukuru wote.

Halafu ukaja mwisho wa kiangazi. Maji ya tangi yalikuwa yameshuka mpaka magotini, na chini kulikuwa na tope jeusi la majani, udongo wa mabati na kinyesi cha samaki wenyewe. Maji yakaanza kunuka. Tangi lilitakiwa kusafishwa lote, kuta na sakafu, kabla mvua haijaanza, na mawingu yalikuwa yameshaonekana upande wa mlima. Baba alikuwa safarini, lori lake limekwama mbele huko kwa kungoja kipuri. Mama akaamua tufanye wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuingia tangini, kwa sababu ni mtoto tu aliyepita kwenye lile tundu bila kuchubuka. Na kwa kuwa nimeifanya kazi hiyo mara nyingi baadaye, niwaambie inavyofanywa. Samaki hakimbizwi. Ukimkimbiza anajigonga ukutani na kupoteza magamba, na jeraha dogo linatosha kumuua kesho yake. Unaingia polepole, unasimama kimya mpaka tope litulie. Unautandaza mtandio wa zamani, uliolowa vizuri, chini ya maji, unashika pembe zake na kungoja. Samaki hupenda kivuli, kwa hiyo unajiweka ili kivuli chako kianguke juu ya mtandio. Wakikusanyika, unainua taratibu, na huwainui wakavu. Unawaacha na maji kidogo katikati ya kitambaa. Mkono ukilazimika kumgusa samaki, uloweshe kwanza.

Hayo niliyajua hata siku hiyo, kwa kuwa mwenye bwawa alikuwa amemweleza Baba naye akatueleza. Alisema pia kwamba samaki wahamishwe pamoja na maji yao wenyewe, wala wasitiwe ghafla kwenye maji mageni. Mama alikumbuka hilo vizuri. Jioni ya kabla ya kazi aliniambia nisafishe pipa la bati lililokatwa nusu, ili asubuhi tulijaze maji ya tangi na kuwaweka samaki humo kwa siku mbili.

"Lioshe vizuri, Saadia," alisema. "Hao ndio dawa ya mdogo wako."

Ni maneno hayo yaliyoniponza. Wiki chache kabla yake Ayeyo alikuwa amenifundisha kufukiza vyombo vya maziwa, na siku chombo changu kilipopita pua yake aliwaambia wageni kwamba mkono wangu sasa ni mkono wa mtu mzima. Sikuwahi kusifiwa hivyo. Kwa hiyo nilipoambiwa nilioshe vizuri, nilijua maana ya vizuri. Nililisugua pipa kwa mchanga, nikalisuuza, kisha nikaenda jikoni kuchukua vijiti vya ejersa. Sikutia kimoja, kama kwa kibuyu. Pipa lilikuwa kubwa, nami niliwapenda samaki wale, nikatia sita. Nikalifunika kwa gunia na kukaa juu yake mpaka moshi ukaacha kutoka. Nilipofunua, ndani palikuwa peusi, panang'aa, pananukia kama asubuhi ya Idi. Sikumwambia mtu. Nilitaka wanuse wenyewe wajue.

Asubuhi tukajaza pipa maji ya tangi, ndoo kwa ndoo, chini ya kivuli cha ukuta. Nikaingia tangini na mtandio wangu, nikawavua samaki wote thelathini na mmoja, Kiongozi wa mwisho kwa sababu alikuwa mjanja. Mama aliwapokea juu na kuwashusha kwenye pipa. Kazi ilikwenda vizuri mno hata tukaimba. Kisha tukaanza kumwaga maji yaliyobaki. Katika nyumba ya Ayeyo maji hayakumwagwa, yaligawiwa: ndoo za kwanza zilikwenda kwenye hori la mbuzi, lile refu la mbao lililopakwa lami ya zamani, na zilizofuata kwenye mipapai. Tope la mwisho nililipitisha juu kwa karai.

Nilikuwa bado ndani, nasugua ukuta kwa mchanga na brashi ya katani, niliposikia sauti ya Mama Atieno kutoka upande wa ua.

"Mama Saadia, kuja uone samaki yenu. Inakunywa hewa."

Nilipanda haraka, nikachungulia nje ya tundu. Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakipokea hewa kwa pupa. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta wenye rangi rangi, na chembe nyeusi zilielea kila mahali. Watatu walikuwa wamelala ubavu.

Mama Atieno alikuwa ameshaingia uani. Alichovya kidole ndani ya pipa, akakinusa, akamtazama Mama, kisha Ayeyo.

"Hii ni moshi," alisema. "Kwetu samaki tunamtia moshi akishakufa. Nyinyi mmeanza mapema."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Mama aligeuka mweupe midomoni. Najua alichokiona, kwa sababu mimi pia nilikiona: Nuria akikakamaa. Alituangalia mmoja mmoja. "Nani ametia moto kwa hii pipa?"

Niliteremka ngazi. Nilifungua mdomo, lakini Ayeyo aliwahi.

"Hiyo itangoja," alisema. "Maji ya zamani iko wapi?"

"Tumemwaga, Ayeyo. Mipapai imekunywa," Mama alijibu.

"Yote?"

Ndipo sote tukatazama upande mmoja. Mbuzi wanane walikuwa wamejipanga kwenye hori, vichwa chini, mikia ikitikisika. Ilikuwa kiangazi, na kabla ya hori kujazwa hawakuwa wamepata tone tangu alfajiri. Maji ya zamani yaliyobaki duniani yalikuwa yakiingia matumboni mwao.

Niwaambie kitu kuhusu mwanamke aliyekulia nyuma ya mbuzi. Anaweza kukaa na njaa, anaweza kukunyima wewe, lakini hamfukuzi mnyama mwenye kiu kutoka kwenye maji. Ni dhambi, na ni aibu mbaya kuliko dhambi. Ayeyo aliwahi kugombana na mtu kisimani kwa miaka kumi kwa sababu ya jambo hilo hilo. Siku ile aliokota fimbo yake, akakimbia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, akawapiga mbuzi wake mapuani mmoja mmoja. Walilia, wakarudi, akawapiga tena. Huku akiwapiga aliwaomba radhi kwa Kisomali, kila mmoja kwa jina lake, kama unavyomwomba radhi mtu mzima.

"Saadia, mtandio," alisema bila kugeuka. "Kimbia."

Hori lilikuwa na maji ya kina cha kiganja tu, lakini yalikuwa maji ya zamani, hayajaguswa na moshi. Mama Atieno ndiye aliyeonyesha namna ya kuyatia uhai: alichota kwa kikombe, akainua juu na kuyamimina tena, akachota na kumimina, ili hewa iingie. "Usiache," aliniambia. "Mkono ikichoka, badilisha mkono." Mama aliwatoa samaki kwenye pipa, wanne watano kwa wakati, akawasuuza kwenye bakuli lenye maji ya hori kabla ya kuwaweka humo, ili moshi usije nao. Ayeyo alisimama kati ya mbuzi na hori, fimbo mkononi, anatokwa machozi waziwazi. Sijui yalikuwa ya samaki au ya mbuzi.

Wakati huo wote niliendelea kumimina kikombe. Naamini nilimimina kwa saa nzima. Mmoja baada ya mwingine, samaki waliokuwa hai waliacha kunyonya hewa na kushuka chini, wakaanza kuelea kwa utulivu. Tuliwafunikia nusu ya hori kwa gunia lililolowa ili wapate giza na ubaridi. Tuliwahesabu kumi na wawili waliokufa. Kumi na tisa walibaki, Kiongozi akiwemo.

Ndipo Mama akauliza tena, kwa sauti ya chini safari hii. "Nani alifukiza?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka iwe safi."

Mama alikuja mbele yangu. Hakuwa mtu wa kupiga sana, lakini siku ile mkono ulikuwa umeshainuka. Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anapumua kwa shida, fimbo magotini.

"Mkono iliyofukiza ni yake," alisema. "Lakini mwenye kufundisha hiyo mkono ni mimi. Kama unataka kupiga, basi anza na mkubwa."

Mama alibaki ameinua mkono, hajui auteremshe vipi. Mama Atieno alikohoa. "Kusema kweli," alisema, "kufukiza yenyewe mtoto amefukiza vizuri. Ningekuwa na samaki mfu, ningemwajiri." Hapo Mama akacheka bila kutaka, kicheko cha mtu aliyechoka, na ule mkono ukaishia kuniondolea tope kwenye nywele.

Nililia baadaye, peke yangu, nyuma ya tangi, tulipowazika wale kumi na wawili chini ya mpapai. Ayeyo alinikuta hapo. Hakunibembeleza. Alikaa chini, jambo lililokuwa gumu kwa nyonga zake, akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. Alisema moshi ni rafiki wa maziwa kwa sababu maziwa hayapumui. Samaki anapumua yale maji, kwa hiyo chochote ulichopaka kwenye chombo chake, umempaka ndani ya kifua. "Hata mimi sikujua," alisema. "Leo tumejua wawili."

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa shule yangu. Tangi lilisuguliwa kwa mchanga na maji matupu, bila sabuni na bila moshi, likasuuzwa mara tatu na kuachwa likauke. Usiku mmoja mfereji ulikohoa, tukajaza mpaka kiunoni. Maji yale ya mfereji yalinuka dawa, ile wanayotia kuua wadudu. Mama alitaka kuwarudisha samaki siku hiyo hiyo kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaribia. Ayeyo akakataa.

"Mwana-mbuzi akifiwa na mama, unampeleka kwa mama ingine siku moja?" aliuliza. "Atapigwa teke. Kwanza wanusane."

Kwa hiyo tuliacha mfuniko wazi mchana kutwa siku mbili, harufu ya dawa ikapotea na maji yakapata joto la jua kama yale ya hori. Kila baada ya swala, asubuhi mpaka magharibi, nilitia kikombe kimoja cha maji ya tangi ndani ya hori. Kikombe kimoja tu. Ayeyo alinisimamia na kunitazama usoni, si kwenye maji, kuona kama nina haraka. Mbuzi walinyweshwa kwa karai kwenye kona nyingine, na kwa siku zote mbili Ayeyo aliwapa wao kwanza kabla hajanywa chai yake. Mama Atieno alipita asubuhi na jioni kuangalia wagonjwa. Siku ya pili alikuta Ayeyo amemwekea kigoda cha pili kando ya hori. Hakuna aliyetaja nyanya na kitunguu.

Siku ya tatu asubuhi nilishuka tena kwenye tundu, mtandio mkononi, na safari hii Mama alinishushia samaki badala ya kunipokelea. Niliuzamisha mtandio, nikaacha maji mapya yaingie yenyewe, nikangoja watoke kwa hiari yao. Kiongozi alitoka wa kwanza. Alizunguka mguu wangu mara moja, kisha akaenda gizani, na wengine wakamfuata. Nilisimama humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Juu, kwenye ule mraba wa mwanga, vichwa vitatu vilikuwa vinachungulia: Mama, Mama Atieno, na katikati yao Ayeyo, aliyekatazwa na kila mtu asipande ngazi.

"Wote wako?" aliuliza.

"Wote kumi na tisa."

"Hapana," alisema. "Ishirini. Toka sasa, utapata baridi."

Mvua ilifika wiki iliyofuata. Ilipiga mabati usiku na mchana, tangi likajaa mpaka tundu. Tulikaa tukimtazama Nuria kama watu wanaongoja barua. Mama alichota maji kwa glasi kila Ijumaa na kuyainua kwenye mwanga. Mara moja aliona vidudu viwili, lakini Ijumaa iliyofuata glasi haikuwa na kidudu. Kumi na tisa walitosha. Nuria alipata mafua na upele na alianguka kutoka kwenye ngazi, lakini malaria ilimruka mvua zile. Baba aliporudi alisimuliwa habari yote mara nne, na watu wanne tofauti, na katika kila masimulizi mbuzi walikuwa wengi zaidi.

Siku hizi nikienda Isiolo, nyumba nyingi zina matangi meusi ya plastiki juu ya minara ya chuma, yamefungwa vizuri, mbu hapati pa kupita. Ni jambo jema, na namshukuru aliyeyabuni. Nikiwaambia vijana kwamba tulikunywa maji yanayoogelewa na samaki, wanashika tumbo. Mmoja, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, aliniuliza, "Cucu, na mlisurvive?" Nikamjibu kwamba nimesimama mbele yake. Wao maji yao yana chupa, chupa ina kizibo, na kizibo nacho kina plastiki yake. Hata hivyo hawajui maji wanayokunywa yametoka wapi, na sisi tulimjua kila aliyeishi ndani ya yetu.

Nimelea watoto wanne. Glasi zimevunjika kwangu, redio imeoshwa kwa maji, mkoba wa vitabu umesahauliwa kwenye gari, na mara nyingi mno neno langu la kwanza lilikuwa "nani?" Nikishalisema nasikia jinsi lilivyokuja mapema. Ayeyo alikuwa na kila sababu ya kuuliza hilo kwanza, akauliza maji.

Tangi la plastiki likichafuka, mwenye nyumba anapiga simu, anakuja kijana na mashine ya kupulizia, anamaliza kwa dakika ishirini na kuondoka. Hakuna mtoto anayeshushwa ndani. Kwa hiyo hakuna anayefundishwa kusimama kimya mpaka tope litulie, na hakuna anayekosea kwa kupenda kupita kiasi, akapata mtu mzima wa kukaa naye chini, nyonga zikiuma, na kumwambia kwamba leo wamejua wawili.